Korongo wa tingatinga juu ya jabali: namna ninavyomfanya atembee

Tangu Edward Saidi Tingatinga aanze kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya ubao, mtindo wake umebaki na rangi bapa na mistari iliyo wazi. Kwa sisi tunaofanya animesheni hiyo ni neema: picha imekuja na alama za kukatia. Nitatumia korongo mwenye samaki, aliyechorwa na rafiki yangu hapa Kirumba, Mwanza.

1. Elewana na mchoraji. Kununua ubao si kununua hakimiliki. Andikeni itaonyeshwa wapi, muda gani, naye atapata nini.

2. Piga picha. Hapa wengi tunaharibu. Mara ya kwanza niliipiga nje, saa sita mchana. Kuja kuifungua kwenye kompyuta, najiona mwenyewe nimeinama na simu juu ya mgongo wa korongo! Sasa nausimamisha ubao barazani, upande wa kivuli, natundika kitenge cheusi nyuma yangu, naweka simu kwenye stendi ikitazama katikati ya ubao, nazima flashi.

3. Kata na uzibe. Natumia Krita, programu ya kuchorea, ni ya bure. Kila kitakachotembea kiwe na tabaka lake: mwili, shingo, kichwa, samaki, matete. Mstari mweusi ubaki na kipande chake. Shingo irefushe kidogo ndani ya mwili, isije ikaachana nao ndege akiinama.

Ukimtoa ndege, panabaki tundu. Usilijaze kwa rangi moja. Nyuma yake rangi si bapa: imekolea chini na kufifia juu, tena ina michirizi ya brashi, na kiraka kitaonekana hata kwa mtoto. Nakili vipande vidogo vidogo vya pembeni, ukifuata brashi ilikopita.

4. Mwendo. Fremu (picha moja moja za mwendo) 12 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo sekunde 8 ni fremu 96. Ili ijirudie bila kugugumia, fremu ya 96 iwe hatua moja kabla ya ile ya kwanza, isiwe nakala yake. Na usitikise kila kitu, tafadhali. Korongo huvua kwa kusimama. Wangu husimama sekunde 6, matete tu yakicheza, kisha shingo inashuka mara moja.

5. Onyesha. Ukumbi wa kukodi wa nini, na Mwanza imejaa majabali? Lenga projekta kwenye jiwe, giza likishaingia vizuri. Graniti hunywa mwanga, basi sogeza projekta karibu na ukubali picha ndogo inayoonekana.

Kwa toleo la jiwe, nyuma pawe peusi kabisa. Projekta haitoi weusi, hivyo hapo jiwe lenyewe ndilo litakaloonekana, na mistari ya mchoraji itachukua rangi ya jiwe. Ile kazi yote ya kuziba tundu huku haihitajiki. Itakufaa kwenye skrini.

Sauti ya mawimbi rekodi alfajiri, kabla injini za mitumbwi hazijaamka. Weka spika mbili, moja kila upande wa jabali.

Nenda pia na brashi laini. Wadudu wa ziwani wakitoka kwa wingi hufuata mwanga, na lenzi hujaa kabla korongo hajainama mara tatu.