Kabla ya Kumeza Vidonge vya Kuongeza Damu

Mzee wa Ngamiani, Tanga, anayeishiwa pumzi akipanda ngazi na ambaye viganja vyake vimepauka, asikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya madini ya chuma kabla ya kupima damu. Himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke aliyekoma hedhi, lazima itafutiwe chanzo. Huenda ikawa minyoo ya safura, lakini saratani ya utumbo mpana nayo huvujisha damu kidogo kidogo, kwa miezi, pasipo maumivu. Omba upimwe feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, pamoja na damu iliyojificha kwenye choo. Kitazame choo chako kabla ya kuanza vidonge, kwani vidonge hivyo hukifanya kiwe cheusi na kuficha dalili ya kuvuja damu.

Kuzidisha nako kuna hatari: mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma cha ziada, nacho kikirundikana kwenye ini kwa miaka, hasa kwa wenye maradhi ya kurithi ya kurundika chuma, huongeza uwezekano wa saratani ya ini. Anayetibiwa saratani asianze vidonge wala kuviacha bila daktari wake kujua. Dagaa waliokamuliwa ndimu endelea kuwala ili upate chuma, ila chai isubiri, kwani huzuia chuma kufyonzwa.