Kabla ya kumpeleka kwa daktari mtu aliyebadilika sauti

Sauti imekauka baada ya mafua au kushangilia mpira? Pumzika, kunywa maji, itarudi. Ikipita wiki 4 bila kurudi, nenda ukachunguzwe koo kwanza, maana sababu nyingi ziko hukohuko: vinundu kwenye nyuzi za sauti, asidi inayopanda kutoka tumboni, sigara, hata saratani. Koo likionekana safi na sauti bado mbovu, uliza habari za neva.

Andika dawa zote anazotumia, na tatizo lilianza lini. Kama anapaliwa akinywa maji, mwandiko umekuwa mdogo au pua haishiki harufu, sema bila kungoja kuulizwa.

Kubwa ni hili: nenda na sauti yake ya nyumbani kwenye simu. Baba yangu mdogo alianza kuongea chinichini, sauti haipandi wala haishuki. Tukimwambia aongeze sauti, anatujibu tumekuwa viziwi. Haukuwa ukaidi. Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, huvuruga namna ubongo unavyojipimia sauti, mgonjwa akaamini kabisa anaongea kama kawaida. Tulipofika kwa daktari alijiweka sawa kitini, akakohoa, akaunguruma kama mwenyekiti wa kikao. Tukapewa dawa ya koo. Kwenye gari, wakati wa kurudi, hatukumsikia hata neno. Kilichokuja kutusaidia ni mama mdogo kumsikilizisha daktari mwingine ujumbe wa sauti aliotumiwa na mumewe, salamu tu za mchana, kila sentensi ikiishia kwenye pumzi. Daktari akaurudia, kisha akamwambia mzee asimame na kutembea. Mkono mmoja haukuwa ukipunga.

Kwa hiyo mwombe ruhusa mapema, kisha mrekodi siku yoyote akipiga soga, asubuhi na jioni. Jioni ina maana yake: sauti inayofifia kadiri mtu anavyoongea na kurudi akipumzika hutia shaka ya miasthenia gravis, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi. Inayotokea puani huku ulimi ukizidi kuwa mzito mwezi hadi mwezi, neva zinazoendesha misuli zichunguzwe.

Matamshi yakivurugika ghafla, au mdomo ukapinda, achana na kurekodi. Huenda ni kiharusi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kimbia.

Mengine ni ya kawaida: usirundike dawa za kikohozi kwa mazoea, usimnyamazishe eti apumzishe koo miezi, usimjibie maswali mbele ya daktari, na asiende peke yake, maana akiulizwa atasema hajambo.