Besimenti ya kuishi watu: anza na maji, rangi ije mwisho

Wenzetu wakinunua nyumba huku Minnesota, Marekani, haichukui muda naitwa kuangalia besimenti, ile ghorofa ya chini ya ardhi. Mama anakuja kutoka nyumbani, au vijana wamekua na hawataki tena kulala chumba kimoja. Nikiingia tu naonyeshwa kwenye simu picha za mazulia na taa za darini. Mimi naomba tochi, futi na kigoda cha kusimamia. Useremala niliuanzia Tanga, sasa naufanyia kwenye theluji, na ninachowaambia wote ni hiki: besimenti hupangwa kuanzia nje ya nyumba kuja ndani. Rangi na zulia havina haraka.

Kwa hiyo toka nje mvua inaponyesha. Ardhi inayozunguka msingi inatakiwa iteremke kwenda mbali na nyumba, angalau inchi 6 katika futi 10 za mwanzo. Bomba la gata, linaloshusha maji ya paa, lisiteme maji kwenye mguu wa ukuta. Liongeze urefu, futi 5 au 6, maji yaende zake. Nyumba nyingi ninazoitwa "zinavuja" zina tatizo hilo tu, na dawa yake ni koleo, udongo na kipande cha bomba.

Ukishuka ndani, mulika futi mbili za chini za ukuta. Ukikuta unga mweupe unaochubuka kwa kidole, hiyo ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopenya kwenye matofali yakakauka. Kisha chukua kipande cha nailoni, futi 2 kwa 2, kibandike sakafuni ukizibe kingo zote kwa tepu, ukiache siku mbili tatu. Matone yakijikusanya chini ya nailoni, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni hewa ya ndani yenye unyevu inayokutana na saruji ya baridi, na hapo mashine ya kukausha hewa inaweza kutosha. Ni matatizo mawili tofauti, usilipie dawa ya moja kwa ajili ya jingine.

Kama huna haraka, subiri theluji iyeyuke mwezi wa tatu na wa nne ndipo upige msumari wa kwanza. Kama sakafuni kuna shimo la pampu ya kutoa maji nje, mimina ndoo kadhaa za maji uone kama pampu inawaka yenyewe. Na ujiulize itafanyaje kazi umeme ukikatika, maana dhoruba inayoleta mafuriko ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Pampu ya akiba ya betri iingie kwenye bajeti. Rangi ya kuzuia maji inayopakwa kwa ndani siikatai, ila siitegemei.

Halafu pima radoni. Ni gesi inayotoka kwenye urani iliyomo ardhini. Haina harufu wala rangi, na hapa Marekani ni sababu ya pili ya saratani ya mapafu baada ya sigara. Idara ya afya ya Minnesota inasema nyumba mbili kati ya kila tano hapa zina kiwango cha kutisha. Kipimo cha siku chache ni rahisi, unakiweka besimenti madirisha yakiwa yamefungwa. Ukipata pikokyuri 4 kwa lita au zaidi, weka bomba lenye feni linalonyonya hewa chini ya sakafu na kuitolea juu ya paa. Lifanye kabla ya kuta, maana bomba hilo linataka njia yake na ni afadhali ulifiche ndani ya kabati kuliko lipite katikati ya sebule.

Sasa dirisha, na hapa nitakaa kidogo. Chumba cha kulala chini ya ardhi lazima kiwe na dirisha au mlango ambao mtu anaweza kutokea moto ukiziba ngazi, na ambao mzimamoto mwenye mzigo mgongoni anaweza kuingilia. Dirisha likiwa wazi, nafasi ya kupita iwe na upana usiopungua inchi 20, kimo kisichopungua inchi 24, na eneo la futi za mraba 5.7. Kuna mahali 5.0 inakubaliwa, lakini wewe panga kwa 5.7. Wengi wanasoma namba mbili za mwanzo wananunua dirisha la 20 kwa 24. Piga hesabu: hiyo ni futi za mraba 3.3 tu. Ukichukua kimo cha 24, upana unatakiwa ufike zaidi ya 34. Na kingo ya chini isizidi inchi 44 kutoka sakafuni.

Nje ya dirisha kunachimbwa shimo lenye kuta, lenye eneo la futi za mraba 9 na linalotoka inchi 36 kutoka ukutani. Likizidi kina cha inchi 44 linawekwa ngazi ya kudumu. Kabla ya kuchimba piga 811, wanakuja bure kuchora mahali mabomba ya gesi na nyaya zilipopita. Kukata ukuta wa msingi si kazi ya kujaribia. Ukuta huo ndio unaobeba nyumba nzima.

Dirisha hili ndilo linaloamua kama chumba kitakalika. Dada mmoja niliyemtengenezea besimenti alimleta mama yake kukiona chumba kabla hatujakata ukuta. Bi mkubwa akasimama kwenye ngazi ya mwisho, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Marahaba baba. Sasa mnataka kunizika na bado napumua?" Tulipokata dirisha upande wa kusini, shimo lake tukalifanya pana kuliko kanuni inavyodai ili jua la asubuhi la Januari lishuke mpaka kitandani. Mzee wa pwani hawezi kuambiwa kwamba taa inatosha.

Kwa mzee pia angalia ngazi: mkono wa kushika pande zote mbili, na swichi ya taa juu na chini. Magoti yakiwa mabaya kabisa, mwachie chumba cha juu na watoto ndio washuke.

Kimo cha dari kinachotakiwa ni futi 7. Chini ya boriti na mifereji ya hewa ya joto kinaweza kushuka hadi futi 6 na inchi 4. Pima mahali palipo chini kabisa, halafu toa unene wa sakafu mpya na dari mpya. Nyumba za zamani mara nyingi zinashindwa hapa, na ni bora ujue mapema.

Ukichora vyumba, acha vitu vikubwa vilipo: tanuri ya kupashia joto, tangi la maji moto, boksi la umeme. Mbele ya boksi hilo iachwe nafasi ya inchi 36 kwenda mbele na 30 kwa upana, na lisiwe ndani ya kabati la nguo wala bafuni. Bafu liweke karibu na bomba kuu la maji taka. Tazama sakafuni, mara nyingine mjenzi aliacha mabomba yaliyofunikwa kofia, hapo umeokoa pesa nyingi. Kama hayapo, saruji itakatwa. Na kama bomba la mtaa liko juu kuliko sakafu yako, utahitaji pampu ya kusukuma maji machafu. Jiko la pili la kupikia uliza manispaa kwanza. Sehemu nyingi jiko linageuza besimenti kuwa nyumba ya pili kisheria.

Kuta: usibandike pamba ya fiberglasi moja kwa moja kwenye saruji ukaifunika na nailoni, utafuga kuvu. Mimi nabandika bodi za povu gumu kwenye saruji, naziba maungio, ndipo nasimamisha fremu. Mbao ya chini inayogusa sakafu iwe yenye dawa. Vigae vya zamani vya inchi 9 kwa 9 usivibandue kabla ya kupima, vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Kibali chukua. Mkaguzi anakuja kuona fremu, umeme na mabomba kabla hujafunika, na vifaa vya kugundua moshi na monoksidi ya kaboni vitadaiwa. Mkandarasi anayekwambia "kibali kachukue wewe" muulize leseni yake iko wapi. Malipo yafuate kazi iliyokwisha, usitoe nyingi mbele. Bima nayo ipigie simu: maji taka yanayorudi kwa bomba kwa kawaida hayamo mpaka uyaongeze.

Siku moja kabla jipsamu haijapigwa, weka futi wima kando ya kila ukuta upige picha, nyaya na mabomba yakionekana. Zihifadhi. Siku ya kutundika televisheni utajua pa kutoboa.