Sahani ya baada ya vyuma: kupima protini na wanga kwenye chakula cha nyumbani

Watunisha misuli wengi hukimbizana na saa: chuma kikishatua chini, eti protini lazima iwe tumboni ndani ya nusu saa. Kinachowaangusha wengi wao si saa, ni mizani. Mwongozo huu ni wa mtu anayenyanyua vyuma jioni kisha anakula kilichopikwa nyumbani, mara nyingi sufuria moja na familia. Mfano wetu ana kilo 80. Mwenye maradhi ya figo au kisukari aonane na daktari wake kwanza.

Hatua ya 1: Pata namba zako mbili

Protini, zidisha uzito wako kwa 0.4. Wanga, zidisha kwa 1. Kilo 80 inatoa protini gramu 32 na wanga gramu 80 kwa mlo huu mmoja. Kwa kutwa nzima protini ifike gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili, igawanywe milo minne hivi.

Protini ikishatosha, kurundika wanga juu yake hakuongezi ujenzi wa misuli. Kazi ya wanga ni kurudisha glikojeni, ile akiba ya sukari iliyomo ndani ya misuli. Ndiyo maana anayekausha mafuta hupunguza ugali, hapunguzi samaki.

Hatua ya 2: Angalia ulikula lini

Ulikula mlo kamili kama saa mbili kabla ya mazoezi? Oga, panda daladala, utakula ukifika; mlo ule bado unafanya kazi. Uliyefanya mazoezi tumbo tupu, alfajiri kabla ya chai au Ramadhani kabla ya futari, kula mara moja. Anayerudi jimu mara ya pili siku hiyohiyo ana hesabu yake: wanga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Wengine wote, wanga wa kutwa utaijaza akiba kabla ya kesho jioni.

Hatua ya 3: Pima kabla ya moto

Hapa ndipo hesabu za watu huharibika, na zinaharibika pande zote mbili.

Jedwali la virutubisho vya vyakula linasema maharage gramu 100 yana protini gramu 21. Ni kweli, ila ni makavu. Yakiiva yamekunywa maji, na gramu 100 za kwenye sahani zina protini gramu 8 au 9 tu. Wali vilevile: gramu 100 za mchele zina wanga karibu 80, gramu 100 za wali zina 28. Nyama hugeuka upande wa pili, kwa sababu inapoteza maji: kidari cha kuku cha gramu 100 kibichi kina protini 22 au 23, kikiiva kinabaki gramu 70 hadi 75, na protini ni ileile. Mtu akichukua namba ya kuku aliyeiva (kama 30 kwa gramu 100) akapima kuku mbichi, amejidanganya kwa gramu 7 au 8 kila siku.

Basi pima kila kitu kibichi na kikavu. Tatizo ni sufuria ya watu watano. Fanya hivi:

Pima sufuria tupu, andika uzito wake kwenye karatasi ubandike kabatini. Pima unga kabla ya kusonga. Ugali ukiiva, pima sufuria pamoja na ugali, toa uzito wa sufuria. Tuseme unga ulikuwa gramu 1,000 na ugali umetoka gramu 2,800. Gawa 2,800 kwa 1,000: kila gramu ya unga imekuwa 2.8 za ugali. Unataka unga wa gramu 100? Jikatie gramu 280. Usikariri hiyo 2.8. Ugali mgumu wa leo na mlaini wa jana haviwi na namba moja.

Tahadhari zenyewe:

– Sufuria ya moto usiiweke juu ya mizani moja kwa moja, joto huvuruga usomaji. Weka kibao kwanza, kisha rudisha mizani sifuri. Mizani nyingi za jikoni mwisho wake ni kilo 5, kwa hiyo angalia sufuria yako haizidi.
– Maharage yapime pamoja na mchuzi, na koroga hadi chini kabla ya kupakua. Ukipakua juujuu umejipatia maji.
– Kuku mwenye mifupa hapimiki vizuri. Chambua kwanza, au tumia kidari.
– Dagaa wapepete mchanga, toa vichwa, pima, ndipo uwaoshe. Wakishalowa hawapimiki tena.
– Mafuta ya kukaangia pima kwa kijiko cha chakula. Kijiko kimoja ni kalori 120 hivi.

Hatua ya 4: Panga sahani

Kwa kilo 80, yoyote kati ya hizi inafika:

Ugali wa unga gramu 100, dagaa wakavu gramu 40, yai moja la kuchemsha. Hii ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote, kwa bei na kwa madini.

Wali wa mchele gramu 90, kidari cha kuku gramu 100 kikiwa kibichi, glasi ya mtindi ya mililita 250.

Maharage makavu gramu 80, mtindi nusu lita, ndizi mbivu moja. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji, la sivyo gesi itakusumbua kesho kwenye skwati, lile zoezi la kuchuchumaa na chuma.

Chipsi mayai si mbadala. Wanga upo, lakini mafuta ni mengi na hukawiza chakula tumboni. Karanga nazo watu huziita protini: gramu 100 zina protini 25 na mafuta karibu 50.

Hatua ya 5: Poda ya protini, kama lazima

Soma lebo. Gawa gramu za protini kwa gramu za kipimo kimoja. 24 kwa 30 ni asilimia 80, nunua. 50 kwa 300 ni sukari yenye harufu ya vanila. Mtindi na ndizi vinaifanya kazi hiyo kwa bei ndogo.

Mayai mabichi acha. Mwili hufyonza karibu nusu tu ya protini yake, wakati yaliyoiva hufika asilimia 90, na ubichi una hatari ya salmonela.

Hatua ya 6: Rekebisha

Jipime asubuhi, baada ya choo, mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Wiki mbili zikipita kilo hazijasogea na unataka kuongezeka, ongeza unga gramu 30 kwenye mlo huu. Zikipanda haraka na kiuno kinapanuka, toa hizohizo 30.