Somo: Kutafuta vyanzo vya utafiti wa uchumi na fedha ukiwa Mtwara au Lindi

Somo hili limeandaliwa kwa wanafunzi wa stashahada na shahada walioko Mtwara na Lindi, ambao wametakiwa kuandika mapitio ya maandiko na hawajui waanzie wapi. Nitatumia mfano mmoja tu: mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi) na upatikanaji wa mikopo kwa wakulima wa korosho wa Tandahimba.

Hatua ya kwanza ni kuligawa swali kabla ya kuwasha kompyuta. Andika zao, eneo, kipindi na jambo la kifedha unalolichunguza, kisha utafute maneno ya Kiingereza ya kila kimoja, kwa kuwa makala nyingi za kitaaluma kuhusu korosho yetu zimeandikwa kwa lugha hiyo. Anayetafuta "warehouse receipt" pamoja na "cashew" na "Tanzania" atapata makala za majarida, ilhali anayetafuta "stakabadhi ghalani" atapata zaidi habari za magazeti, hotuba na miongozo. Unahitaji vyote, ila kwa kazi tofauti. Ukitaka kujua kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, inavyozungumzwa nchini, kwa mfano, taarifa rasmi za mijadala ya Bunge zitakufaa kuliko jarida la Uingereza.

Hatua ya pili ni maktaba. Maktaba za mikoa, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, zitakufaa zaidi kwa nadharia na mbinu za utafiti kuliko kwa makala za mwaka jana. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, uchumi uko 330, fedha na mabenki 332, fedha za umma 336, uzalishaji pamoja na kilimo 338, na uhasibu uko mbali kidogo, 657. Ukiwa chuoni, muulize mkutubi kama chuo kimejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa bei ndogo. Nywila yake hupewa taasisi, si mtu binafsi, na wanafunzi wengi humaliza masomo bila kujua kwamba chuo chao kinayo.

Hatua ya tatu ni makala za mtandaoni. Anza na Google Scholar, kisha uende IDEAS, tovuti inayotumia hazina ya RePEc na inayokuruhusu kutafuta kwa alama za JEL, yaani misimbo ya mada za uchumi: Q14 ni fedha za kilimo, G21 ni mabenki. AJOL hukusanya majarida ya Afrika, na JSTOR humruhusu mtu aliyejisajili kusoma makala 100 bila malipo kila baada ya siku 30. Usizipite hazina za tasnifu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine na Mzumbe. Orodha ya marejeo ya tasnifu moja nzuri inaweza kukuokolea wiki nzima.

Hatua ya nne ni takwimu, na hapa ndipo ninapoona kazi nyingi zikiharibika. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Benki Kuu, Bodi ya Korosho na tafiti za FinScope kuhusu matumizi ya huduma za fedha, ukiwemo wa mwaka 2023, zote zina namba zinazokuhusu, lakini hazihesabu mwaka kwa namna moja. Msimu wa mauzo ya korosho huanza mwishoni mwa mwaka na kuvuka kuingia mwaka unaofuata, mwaka wa fedha wa Serikali ni Julai hadi Juni, na takwimu nyingi za Pato la Taifa hufuata Januari hadi Desemba. Aidha, Pato la Taifa lilihamishiwa mwaka wa kizio (mwaka ambao bei zake hutumika kulinganishia) 2015 kutoka 2007, hivyo usiunganishe mifululizo hiyo miwili kana kwamba ni mmoja. Hata bei zina historia yake: Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kwa hiyo anayeiweka bei ya msimu wa 2018/19 pamoja na bei za mnada bila maelezo analinganisha vitu visivyofanana.

Hatua ya tano ni fupi: hifadhi kila chanzo kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, siku ileile unapokisoma.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nachingwea:* Shikamoo mwalimu. Bando linaisha kabla sijapata cha maana. Nifanyeje?

*Jibu:* Marahaba. Ukiwa nyumbani soma ikisiri peke yake, uorodheshe makala zinazogusa swali lako, kisha uzipakue zote siku utakapokuwa kwenye intaneti ya chuo. Ripoti ndefu ifungue kwanza kwenye jedwali la yaliyomo.

*Mwanachama, Lindi:* Naomba kuuliza, tani nilizopewa na chama cha msingi hazilingani na za Bodi. Nichukue zipi?

*Jibu:* Uliza kwanza kila upande unahesabu nini. Chama kinaweza kuwa kimeandika kilichopimwa kwa mkulima, na Bodi kilichouzwa mnadani, na katikati yake kuna kunyauka, kusafirisha na mzigo ambao haujauzwa. Chagua kipimo kinachojibu swali lako, na tofauti uieleze kwenye sura ya mbinu. Unapokwenda kuuliza, beba barua ya utambulisho ya chuo.

*Mwanachama, Masasi:* Mwalimu, programu ya akili unde imenipa makala kumi kuhusu stakabadhi ghalani. Naweza kuzinukuu?

*Jibu:* Bado. Programu hizo huweza kutunga kichwa cha makala, mwandishi na hata jarida. Tafuta kila kichwa kwenye Google Scholar na kwenye tovuti ya jarida lenyewe, ukiangalia toleo na kurasa. Isiyoonekana ifute, inayoonekana isome kwanza, kwa sababu msimamizi atakuuliza sampuli yake ilitoka wilaya gani.