Nyasi mpya Denver: anza na udongo

Wengi wetu tulioletwa Denver na maisha tumekulia kwenye uwanja unaofagiwa kila asubuhi. Sasa umepata nyumba mpya, uani ni udongo mgumu ulioshindiliwa na malori ya wajenzi, na unataka kutandika nyasi Jumamosi hii. Subiri kwanza.

Denver Water, shirika la maji la mji, linataka nyumba inayounganishiwa maji mara ya kwanza udongo wake utiwe mboji kabla ya kupanda: yadi 4 za ujazo kwa kila futi 1,000 za mraba, ichanganywe hadi kina cha inchi 6 (kama sentimita 15). Wana haki. Mvua na theluji ya mwaka mzima hapa haifiki milimita 400, na udongo wetu wa mfinyanzi hauyapokei maji haraka; ukimwagilia, mengi yanakimbilia mtaroni.

1. Pima eneo la kupanda tu, bila saruji. Futi 50 kwa 30 ni 1,500, kwa hiyo yadi 6.

2. Piga simu 811 siku kadhaa kabla ya kuchimba. Ni bure, utawekewa alama panapopita gesi na umeme.

3. Okota mawe na mabaki ya ujenzi, kisha kanda udongo kidogo kiganjani. Ukinata na kuvutika kama utepe, acha ukauke siku mbili tatu. Ukilimwa ukiwa mbichi hutoka mabonge, na yakikauka ni matofali. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi kwa haraka.

4. Tandaza mboji, unene wa inchi moja na robo hivi, kisha kodi mashine ya kulimia na upite mara mbili, kwa urefu halafu kwa upana. Mimi nilipima ugumu wa udongo kwa kuuchoma na bisibisi ndefu. Kabla ya kulima iligoma nusu njiani hata nikiisukuma kwa uzito wangu wote. Baadaye ilizama hadi kwenye mpini kwa mkono mmoja. Maji nayo yanapita vivyo hivyo.

5. Sawazisha kwa reki, mteremko uelekee mbali na msingi wa nyumba. Panda. Tunza risiti ya mboji, shirika la maji likitaka uthibitisho.

Maswali ya wanachama

*Kaka, samadi ya ng'ombe haifai?*
Dada yangu, mara nyingi ina chumvi nyingi, na mvua ya hapa ni haba, haiioshi. Tafuta mboji ya majani na mimea, na umuulize muuzaji kipimo cha chumvi.

*Nimeshatandika bila mboji. Nifanyeje?*
Using'oe. Kodi mashine ya kutoboa mashimo, kisha tandaza mboji nyembamba, robo inchi, uisukumie ndani kwa reki. Rudia kila mwaka.

*Nimwagilie saa ngapi?*
Kwa kawaida, toka 1 Mei hadi 1 Oktoba, ni marufuku kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, na siku zisizidi 3 kwa wiki. Ukame ukija masharti hukazwa. Fungua dakika chache, funga yanywewe, fungua tena. Nyasi changa zinataka maji mara nyingi zaidi, kwa hiyo uliza shirika kabla ya kupanda.

*Niko Aurora, mji jirani, mambo ni hayo hayo?*
Hapana, mzee wangu. Aurora ina shirika lake la maji na kibali chake cha nyasi, na tangu 2022 imebana sana nyasi za kawaida kwenye nyumba mpya, hasa upande wa mbele. Anzia kwao kabla hujanunua chochote.