Somo: Kuchagua rimu za Ford Mustang ya 1965–66 zisizosugua ndani wala nje

Boliti kupita kwenye rimu si sawa na rimu kukaa. Watu wengi husoma tangazo la 5x114.3 (boliti 5 kwenye duara la 114.3 mm), wananunua, nati zinaingia vizuri, kisha gari likishushwa kutoka kwenye jeki tairi linalamba springi au linakatwa na mdomo wa madigadi. Mpangilio wa matundu ni mlango tu. Kinachoamua ni umbali kutoka uso wa habu (pale rimu inapokalia) kwenda ndani, na kutoka uso huo huo kwenda nje. Umbali huo upimwe kwenye gari lako, kwa sababu gari la miaka 60 huenda limeshabadilishwa breki, springi na hata difu bila mtu kuandika popote.

Vifaa: futikamba yenye inchi na milimita, venia, rula ndefu iliyonyooka, jeki, stendi mbili, kadibodi ngumu na spana ya toki.

Hatua ya 1: Hesabu boliti, kisha zipime

Mustang ya V8 ina boliti 5 kwenye duara la inchi 4.5, yaani 114.3 mm, zenye uzi wa 1/2-20 (kipenyo cha inchi 1/2, mizunguko 20 kwa inchi). Ya silinda 6 ina boliti 4 kwenye duara hilo hilo la inchi 4.5, na uzi wake ni mwembamba zaidi, 7/16-20. Ukikuta silinda 6 yenye boliti 5 kuna mtu alishaibadilisha, kwa hiyo usiamini karatasi za gari.

Boliti 4 ni rahisi: pima katikati ya boliti moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Kwa boliti 5 hakuna inayotazamana na nyingine, basi pima katikati hadi katikati ya mbili zilizo jirani, halafu zidisha kwa 1.701. Ukipata 67.2 mm kati ya jirani, hiyo ni inchi 4.5. Ukipata 70.9 mm, hiyo ni inchi 4.75, ya Chevrolet kama Camaro na Chevelle. Tofauti ni chini ya milimita 4, na ndiyo maana watu hulazimisha. Nati zitaingia zikiwa zimeinama, boliti zitapinda kidogo kila gurudumu linapozunguka, na mwisho zitakatika. Ili usikosee nusu ya boliti kwa macho, pima ukingo wa nje wa boliti moja hadi ukingo wa ndani wa ya pili. Jibu ni lile lile la katikati hadi katikati.

Hatua ya 2: Tundu la katikati

Rimu za Ford za wakati ule zina tundu la katikati la 70.5 mm hivi. Rimu mpya ikiwa na tundu dogo kuliko habu yako haitafika kwenye uso wa habu hata kama boliti zote zimepita. Kwa magurudumu ya mbele angalia pia kofia ya grisi: ni ndefu, na rimu nyingi za alumini zina kifuniko cha katikati kisicho na kina cha kutosha. Watu hugonga kifuniko kwa nyundo kikae, kinaruka barabarani wiki ya kwanza.

Hatua ya 3: Kina cha nyuma, yaani somo lenyewe

Laza rimu kifudifudi, weka rula juu ya ukingo wake wa nyuma, pima kutoka kwenye rula hadi uso unaokalia habu. Hicho ndicho kina cha nyuma, na wauzaji wa Marekani hukitaja kwa inchi. Wauzaji wa Japani na Ulaya hutaja ofseti kwa milimita, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokalia habu. Kuhamisha kimoja kwenda kingine: upana wa rimu unaoandikwa (mfano 7) hupimwa pale tairi linapokalia, si ukingo hadi ukingo, kwa hiyo ongeza inchi 1 kwanza. Rimu ya inchi 7 ina upana kamili wa inchi 8 hivi, nusu yake ni 4. Kina cha nyuma kikiwa 4.25, ofseti ni 4.25 − 4 = inchi 0.25, yaani +6 mm.

Hiyo ya 7 ikiwa 15x7 (kipenyo inchi 15, upana 7) yenye kina cha nyuma cha 4.25 ndiyo rimu iliyozoeleka zaidi kwenye gari hili, mbele na nyuma, kama bodi na springi ziko katika kimo cha kiwandani. Rimu za asili za V8 zilikuwa 14x5, nyembamba kweli kweli. Chumba kilichobaki ndani ya madigadi kinadanganya jicho ukiziona.

Sasa hesabu ya tairi. Tairi la 215 hupimwa upana wake likiwa kwenye rimu ya inchi 6.5. Kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu huongeza takriban 5 mm. Kwenye rimu ya 7 litakuwa 220 mm, nusu yake 110. Kwa ofseti ya +6, tairi litaenda ndani 116 mm kutoka uso wa habu na nje 104 mm. Hizo namba mbili ndizo unazozitafuta kwenye gari.

Hatua ya 4: Pima gari likiwa na uzito wake

Nyuma, weka stendi chini ya ekseli, si chini ya bodi, ili springi zibebe gari kama barabarani. Toa gurudumu. Weka rula kwenye uso wa dramu, upime kwenda ndani hadi springi ya bapa, halafu kwenda nje hadi mdomo wa madigadi. Toa 12 mm kila upande; bodi huhama kushoto na kulia juu ya springi za bapa gari linapokata kona. Kinachobaki ndicho tairi linaruhusiwa.

Mbele kuna mtego mwingine. Jeki iwekwe chini ya mkono wa chini karibu na bolijointi, inyanyue mpaka gari lianze kuinuka, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote. Kadibodi iliyokatwa kwa umbo la tairi itakuonyesha mahali litakapogusa kona ya mbele ya madigadi. Angalia na tairodi (fimbo ya usukani): rimu ya 14 yenye kina kirefu cha nyuma hukutana nayo mapema, ya 15 au 17 huipita kwa kuwa tumbo lake ni kubwa. Kama umeweka breki za diski, pima kalipa (kishikio cha pedi za breki) kwanza kabla ya kitu chochote. Rimu nyingi za 14 zilizotengenezwa kwa ajili ya dramu hazipiti juu ya kalipa, na vifaa vingi vya kubadilishia huhitaji 15. Baadhi yake pia husukuma uso wa habu nje milimita kadhaa, na hizo unazikuta madigadini.

Hatua ya 5: Kimo cha tairi

Tairi la asili la V8 lilikuwa 6.95-14, kimo cha milimita 640 hivi. Hesabu: upana × asilimia × 2, jumlisha inchi za rimu × 25.4. Tairi la 215/60R15 linatoa 258 + 381 = 639 mm. 205/70R14 ni 643, na 225/45R17 ni 634. Yote matatu yanaiacha spidomita karibu na ukweli. 225/60R15 ni 651; nyuma linapendeza, mbele huwa ndilo linaloanza kugusa.

Hatua ya 6: Nati na kufunga

Rimu za chuma hutumia nati yenye koni ya digrii 60. Rimu nyingi za alumini za mtindo wa miaka ya 1960 hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Ukiweka koni kwenye tundu la shingo, inashika kwenye ukingo tu na italegea. Nati iingie angalau sawa na kipenyo cha boliti: mizunguko 10 kwa 1/2-20, 9 kwa 7/16-20. Kaza kwa nyota, 100 hadi 115 Nm kwa 1/2, 75 hadi 88 Nm kwa 7/16, bila mafuta kwenye uzi. Kaza tena baada ya kilomita 80 hadi 160.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dar es Salaam): Fundi, huku rimu za Harrier ni 5x114.3 na zimejaa. Kwa nini nisizifunge?
Jibu: Kaka, boliti zitapita, mengine hayapiti. Tundu lake la katikati ni 60.1 mm, Ford inataka 70.5. Ukilichonga kwenye lathe bado kuna ofseti. Chukua 17x7 ya +45: inaingia ndani 39 mm zaidi ya ile ya +6. Nyuma utakuwa kwenye springi, mbele kwenye mikono ya sespensheni. Spesa (pande la kuweka kati ya habu na rimu) ya unene huo lazima iwe na boliti zake, iliyochongwa kwa habu yako. Ukishalipia lathe na spesa nne, bei ya rimu sahihi haiko mbali.

Swali: Yangu ni silinda 6, boliti 4. Naweza kuweka adapta niingize rimu za boliti 5?
Jibu: Adapta itasukuma gurudumu nje, na bado unabaki na breki ndogo za inchi 9. Njia safi ni kubadilisha spindo, dramu na viungo vya usukani vya V8 kwa mbele, kwa kuwa tairodi zake ni tofauti, na ekseli ya inchi 8 kwa nyuma. Ni kazi kubwa. Kama injini inabaki ile ile, tafuta rimu za 4x114.3, bado zinatengenezwa.

Swali: Tairi la nyuma kulia linasugua, la kushoto halisugui. Rimu ni zile zile.
Jibu: Pima pande zote mbili kutoka tairi hadi mdomo wa madigadi. Bodi za Mustang mara nyingi hazikai katikati ya ekseli, na madigadi yaliyowahi kugongwa na kunyooshwa huongeza tofauti. Nunua kwa kipimo cha upande wenye nafasi ndogo. Angalia pia kama ekseli ni ya gari lako: ya 1965–66 ni inchi 57.25 kutoka dramu hadi dramu, ya 1967–70 ni 59.25. Hiyo ya pili hukutoa nje inchi 1 kila upande, na hapo 4.25 haifai, utahitaji kama 5.25.

Swali: Rimu mpya, zimebalansiwa mara mbili, bado usukani unatetemeka kuanzia 90 km/saa.
Jibu: Toa gurudumu uangalie kama kuna vibati vyembamba vya kiwandani vilivyofungwa kwenye boliti kushikilia dramu. Uso wa nyuma wa alumini haukai sawa juu yake. Vitoe, futa kutu na rangi nene. Rimu zisizoshikwa na habu hujiweka katikati kwa nati, kwa hiyo funga gurudumu likiwa hewani, nati zote kwa mkono kwanza. Mwambie wa balansi ashikilie rimu kwa matundu ya boliti, si kwa koni ya katikati.

Swali (Muscat): Mwalimu, ya kwangu ni Dodge Dart ya 1966. Nati za kushoto hazifunguki hata kwa bomba.
Jibu: Acha bomba, dada, utakata boliti! Dodge na Plymouth za miaka hiyo zina uzi wa kinyume upande wa kushoto. Tafuta herufi L kwenye ncha ya boliti. Fungua kwa kuzungusha kama unayekaza. Na kabla hujaagiza rimu, Dart ya mwaka huo ni 5x101.6, siyo 114.3. Jirani hadi jirani utapata 59.7 mm.